Kolesteroli ya Anselmo

Siku Daimu alipokataa nyama mbele za watu, Makarius alihisi kitu kimemkaba kooni, na haukuwa mfupa.

Ilikuwa sherehe ya ubatizo pale Mfaranyaki, katika ile miaka ya ruksa, bidhaa ziliporudi madukani na wenye maduka wakaanza kuota vitambi. Miaka michache nyuma mji mzima ulikuwa umekonda kwa usawa. Tajiri na maskini walipanga foleni moja ya sukari, na suruali za wote zilining'inia. Sasa tofauti zilikuwa zimeanza kuonekana kiunoni. Makarius, aliyekuwa na duka la jumla la mafuta ya kupikia, sabuni na chumvi, alikitunza kitambi chake kama wengine wanavyotunza ng'ombe wa maziwa. Alikivalisha mashati ya kubana kidogo, na akisimama mlangoni pa duka alikitanguliza barabarani ili wapita njia wakisalimie kwanza.

Daimu naye alikuwa na duka la vitambaa upande wa pili wa barabara, ana kwa ana. Alikuwa Myao wa Tunduru, mtu mpole, na ndani ya mioyo yao walikuwa washindani wakubwa ingawa mmoja aliuza khanga na mwingine mafuta. Siku hiyo mbuzi alikuwa amechinjwa na Mwislamu ili wageni wote wale kwa amani. Sinia la nyama choma lilipomfikia, Daimu aliinua kiganja.

"Mimi hapana, jamani. Nilikwenda Dar es Salaam kupimwa. Nina kolesteroli."

Mikono ikasimama juu ya sinia.

"Ndiyo nini hiyo?" mmoja akauliza.

"Mafuta kwenye damu," alijibu Daimu akitazama chini kwa unyenyekevu. "Wanasema huwapata wanaokula vizuri kwa muda mrefu."

Basi akaletewa papai. Mama mwenye nyumba alilimenya mwenyewe, akalikata vipande, akamwekea mbele kwa mikono miwili kama anayemhudumia askofu. Wengine waliendelea kutafuna mbuzi, lakini walitafuna kwa aibu, kama watu ambao miili yao bado haijapata cha kulalamikia. Makarius aliuweka chini ubavu aliokuwa ameushika. Kitambi cha Daimu hakikufika hata nusu ya chake! Ilikuwaje yeye ndiye aumwe?

Nyumbani alimwambia mkewe, Aurelia, kwamba atakwenda hospitali ya misheni.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nataka kupimwa kolesteroli."

Aurelia alimtazama. "Yaani wewe unautafuta ugonjwa?"

"Siutafuti. Nataka tu kujua kama ninao," alisema Makarius, na usingizi wake usiku ule ulikuwa wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani aliojiandaa kuufaulu.

Kujiandaa alijiandaa kweli. Asubuhi ya kupimwa alikunywa supu ya mbuzi, akala chapati na mayai ya kukaanga, akaongeza supu. Wakamtoa damu, wakamwambia arudi kesho yake.

Daktari alikuwa mwanamke wa Tukuyu aliyeitwa Tumpe, aliyesomea Ujerumani na kurudi na mashine ndogo ya kupimia damu, ambayo hakuruhusu mtu yeyote aipanguse vumbi. Makarius alipoingia, Daktari Tumpe alifungua jokofu akatoa kichupa chembamba cha kioo. Chini damu ilikuwa imetuama, nyekundu iliyoiva. Katikati palikuwa na maji meupe meupe kama ya kuoshea mchele. Juu kabisa paligandamana utando mnene, kama malai juu ya maziwa yaliyolala.

Makarius alikunjua uso. "Ndiyo kolesteroli hiyo?"

"Hiyo ni supu, mzee."

"Supu?"

"Supu uliyokunywa jana. Nilisema mje na njaa." Aliketi, akakiinua kichupa mbele ya dirisha. "Wewe unauza mafuta, sivyo? Ukimimina mafuta kwenye maji inakuwaje?"

"Yanaelea."

"Na damu sehemu kubwa ni maji. Sasa mwili utayasafirishaje mafuta ndani yake? Huyafungasha. Hutengeneza vifurushi vidogo sana. Ndani mafuta, nje ngozi nyembamba inayopatana na maji, na juu ya ngozi hiyo hubandikwa protini. Protini ndiyo anwani. Ndiyo inayosema mzigo huu ushushwe wapi na upokewe na nani. Tunaviita lipoprotini. Hivi vikubwa vinavyoelea hapa juu vilitoka utumboni na chakula chako. Kwa kawaida vingeshusha mafuta kwenye misuli na kwenye hicho kitambi, na mabaki yangemezwa na ini. Ungesubiri mpaka jioni bila kula, damu ingekuwa safi. Rudi wiki ijayo. Usile chochote tangu jioni ya kuamkia siku hiyo."

Makarius aliomba aondoke na kile kichupa. Alikataliwa. Hata hivyo jioni ile mtaa mzima ulijua kwamba damu ya Makarius ina malai.

Wiki iliyofuata aliogopa kuzimia kwa njaa njiani, maana tangu soko lifunguliwe hakuwahi kulala bila kula. Akampitia mdogo wake, Anselmo, kule Mshangano, amsindikize. Anselmo alikuwa mkulima wa mahindi na maharage, mwembamba, mwenye shingo ndefu. Ndiye aliyeongoza sala kwenye jumuiya yao, na Kwaresima ilipofika alifunga siku zote arobaini, kisha akasahau kufungua. Anasa yake moja ilikuwa tumbaku, aliyoisokota kwenye kipande cha gazeti.

"Shikamoo, kaka," alisema akipanda kwenye pikapu. "Hali yako?"

"Mbaya. Sijala tangu jana."

"Hata mimi," alisema Anselmo, akashangaa kwamba hilo nalo lilikuwa la kusimulia.

Walipoingia kwa daktari, Anselmo alisimama mlangoni na kofia mkononi. Daktari Tumpe alimwitikia salamu, akaanza kufunga mpira kwenye mkono wa Makarius, halafu akaacha. Alikuwa anaitazama miguu ya Anselmo.

"Baba, samahani. Hebu vua kandambili. Geuka."

Anselmo akageuka. Juu ya visigino vyake, pale mshipa mnene unapopanda kwenda kwenye kigimbi, palikuwa na uvimbe mgumu, kila upande, kama punje za mahindi zilizopandwa chini ya ngozi. Makarius alivijua vizuri visigino vile, na alivichukia. Marehemu baba yao alikuwa navyo. Bibi yao alizoea kusema kwamba hiyo ndiyo mihuri ya ukoo, na kila palipotokea ugomvi wa mashamba ndugu hawakukosa kumuuliza Makarius, nusu mzaha, mbona visigino vyake ni laini, mama yake alipita wapi.

Daktari alichuchumaa, akaubana ule uvimbe kwa vidole viwili. Kisha akasimama na kumtazama Anselmo machoni, kwenye kope, karibu na pua, palipokuwa na mabaka madogo ya manjano. "Haya yalianza lini?"

"Tangu ujana. Hayaumi."

"Baba yenu yuko hai?"

"Hapana," alisema Anselmo. "Alianguka huko Namtumbo, tulipokuwa tunaishi. Alikuwa anatundika tumbaku kwenye bani la kukaushia, akashika kifua, akaanguka. Hakuwa mzee. Hata baba yake alianguka hivyo hivyo, lakini yeye ilikuwa njiani kutoka kanisani."

"Watu walisema ameugua nini?"

Anselmo alimtazama kaka yake. Makarius aliutazama mpira uliofungwa mkononi mwake.

"Walisema mengi," alijibu Anselmo.

Daktari Tumpe akawatoa damu wote wawili.

Waliporudi kusikiliza majibu, Makarius alikuwa amevaa suti. Daktari aliwakalisha, akaanza na mkubwa kwa heshima.

"Mzee Makarius, damu yako haina tatizo. Kolesteroli yako ni ya kijana. Punguza uzito, magoti yatakushukuru, lakini mishipa yako haidai kitu."

"Haiwezekani."

"Mshukuru Mungu."

"Namshukuru," alisema Makarius kwa uchungu. "Lakini pima tena."

"Nilipima mara mbili. Tatizo liko kwa mdogo wako." Akamgeukia Anselmo na sauti yake ikapungua. "Baba, yako iko juu sana. Sijaiona ya juu namna hii tangu nirudi nchini."

Makarius alisimama. "Mmebadilisha vichupa! Daktari, mtazame huyu. Mtazame! Huyu anakula ugali na mlenda. Nyama anaiona Krismasi, tena kwangu. Kolesteroli ataitoa wapi?"

"Kwa baba yake," alisema Daktari Tumpe. "Kaa, mzee. Mafuta ya damu hayatoki yote mdomoni. Ini lenyewe hutengeneza vifurushi vyake, likavituma mwilini. Vikishashusha mafuta hubaki vidogo, vimejaa kolesteroli, na vingi hutakiwa kurudi kwenye ini vipokewe. Ini lina milango ya kuvipokea. Wewe milango yako yote iko wazi. Ukila mbuzi mzima, kesho pamefagiwa. Mdogo wako amezaliwa na nusu ya milango. Hata asipokula nyama, vile vifurushi vinazunguka tu kwenye damu, havina pa kuingia. Mwishowe vinaacha mzigo popote: kwenye kope, kwenye visigino, na kwenye kuta za mishipa ya moyo. Hapo mshipa unazidi kuwa mwembamba bila mtu kujua, mpaka siku unaziba."

"Siku ya kutundika tumbaku," alisema Anselmo.

"Naamini hivyo. Wewe na kaka yako kila mmoja alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kurithi. Wewe ulirithi, yeye hakurithi."

Makarius alikaa. Yaani hata hili alinyimwa! Wazo hilo lilipita kichwani mwake kabla hajaweza kulizuia. Baadaye, kwa miaka mingi, aliona aibu kila alipolikumbuka, ingawa hakumweleza mtu.

Anselmo alikuwa akizungusha kofia magotini. Makarius alidhani anaogopa. Lakini alipofungua mdomo, hakusema habari za moyo wake.

"Basi Shangazi Notburga hakufanya kitu."

Shangazi Notburga alikuwa dada wa baba yao. Baba alipoanguka, mganga aliitwa, na mganga akamtaja yeye, kwa sababu asubuhi ile alikuwa amempa kaka yake maharage ya kuchemsha. Walimfukuza nyumbani kabla ya arobaini ya marehemu. Makarius, aliyekuwa kijana mwenye nguvu na mtoto wa kwanza wa kiume, ndiye aliyelibeba sanduku lake mpaka barabarani, akaliweka chini, akageuka bila kuaga.

Tuseme ukweli, dawa aliyoandikiwa Anselmo siku ile haikuwa ngumu. Daktari alimwambia asile mafuta mengi, wala nyama nyekundu mara kwa mara, wala siagi; ale maharage, mboga za majani, dagaa na matunda, na atembee kwa miguu.

"Ndivyo ninavyoishi, daktari."

"Najua," alisema Daktari Tumpe, naye akaonekana kuona aibu kidogo. "Endelea. Na tumbaku uiache leo hii. Ulaya kuna vidonge vipya vinavyolifanya ini liongeze milango. Hapa hatuna. Nitaandika kwa watu wa misheni, lakini itachukua muda, na sijui muda tulionao."

Akasema pia wapimwe watoto. Anselmo alikuwa na binti mmoja, Wema, mwanafunzi wa sekondari, mwenye visigino laini kabisa. Damu yake ilikuwa kama ya baba yake.

Habari haikuchukua wiki kuenea. Aurelia alimwambia jirani kwa siri, na jirani naye aliitunza siri hiyo kwa kuwaambia watu anaowaamini tu, ambao walikuwa wengi. Kule Mshangano watu walianza kumwangalia Anselmo kwa jicho jipya. Ugonjwa wa matajiri! Mtu mwenye shati moja la Jumapili! Wakakubaliana kwamba anazo, ila anazificha. Huenda alipata madini kule mtoni, wengine walisema. Huenda anakula nyama ndani, madirisha yakiwa yamefungwa. Shemeji zake ambao hawakuwahi kumkumbuka walianza kufika wakati wa chakula, wakafunua vyungu, wakakuta mlenda, wakaondoka wakisifu ujanja wake. Kamati za harusi zilimpa uenyekiti. Na huko Mfaranyaki Makarius alisikia kwa masikio yake mteja akimnong'oneza mwenzake kwamba yule mwenye kitambi alipimwa, hakukutwa na kitu. Pengine kile kitambi ni gesi.

Kilele kilikuwa kipaimara cha Hilda, binti wa Makarius mwenyewe. Makarius alichinja ng'ombe. Alipotoka kuhakikisha vinywaji, alikuta Anselmo amekalishwa meza ya mbele, karibu na Daimu, na mbele yao papai limemenywa. Watu waliwazunguka kuwasikiliza. Anselmo, kwa sauti yake ya kuongozea sala, alikuwa anaeleza habari za vifurushi na milango ya ini, na Daimu alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa makini kuliko ilivyopasa kwa mtu mwenye ujuzi wa muda mrefu. Makarius alichukua sahani yake ya nyama akaenda kula nyuma ya jiko, na wapishi.

Lakini Anselmo alikuwa ameanza kushika kifua. Wema ndiye aliyemwambia baba yake mkubwa. Alikuja dukani na sare ya shule, akasema, "Shikamoo, baba mkubwa. Baba akipanda kilima cha shambani anasimama, anasingizia kufunga kandambili. Kandambili hazina kamba."

Makarius alimtazama binti huyo. Kisha akafanya jambo ambalo miezi kadhaa nyuma asingelifanya hata kwa kusukumwa: alivuka barabara, akaingia dukani kwa Daimu.

"Ndugu yangu, vile vidonge vyako vya kolesteroli unavipata kwa daktari gani huko Dar? Nataka vya Anselmo. Vya muda mrefu. Na vya binti yake, wakisema anahitaji. Gharama ni juu yangu."

Daimu aliendelea kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Akachungulia nje, akamtuma msaidizi wake akanunue stempu isiyohitajika, akafunga mlango nusu.

"Makarius, wallahi, nitakuambia, na ukisema nitakukana. Mimi sina kolesteroli."

"Unasemaje?"

"Nina vidonda vya tumbo. Daktari alinikataza pilipili na nyama ya kuchoma. Pale kwenye benchi la kusubiri palikuwa na mzee mmoja mnene, mwenye saa ya dhahabu, akilia kolesteroli, kolesteroli. Nikalipenda neno. Ningesimama mbele za watu niseme nina vidonda vya tumbo? Vidonda ni vya watu wenye mawazo."

Makarius alijitahidi kukasirika, ikashindikana. Kicheko kilianzia kwenye kitambi kikapanda, mpaka akashika meza, na Daimu naye akacheka, akishika tumbo lake kwa pale panapouma. Walicheka mpaka wateja wakarudi nyuma mlangoni.

"Lakini yule mzee wa saa ya dhahabu nilimuuliza daktari wake," alisema Daimu akijifuta machozi. "Ijumaa nakwenda kuchukua mzigo. Nitamtafuta. Nikishindwa pale, nina shemeji anayesafiri Bombay."

Vidonge vilikuja. Vilikuja ndani ya robota la vitenge, na baada ya hapo vikaendelea kuja, kwa njia ambazo Daktari Tumpe aliomba asielezwe. Alipima, akapima tena, na sura yake ikakunjuka. Anselmo aliacha tumbaku na kununa kwa mwaka mzima. Umri alioanguka nao baba yake aliufikia akiwa shambani anapalilia, akaupita, na kandambili zake zikaacha kumsumbua kilimani. Wema naye alianza vidonge alipokua. Mshangano waliamini mpaka mwisho kwamba Anselmo ana fedha za siri, maana sasa alikuwa anakunywa dawa za kutoka ng'ambo ya mbali, na mtu wa kawaida angezipata wapi?

Jambo moja lilibaki, na Anselmo alilisema mara moja tu. "Kaka, kwa Shangazi Notburga ni mbali kwa miguu. Wewe una gari."

Shangazi Notburga alikuwa anaishi peke yake, ng'ambo ya Namtumbo, katika kijiji ambacho kilimpokea bila kumuuliza. Makarius alimkuta anapepeta maharage uani. Alikuwa amekuwa mdogo, mgongo umepinda, lakini alimtambua kabla hajafunga mlango wa pikapu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Hakusimama. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukuambia kuhusu baba. Amepimwa Anselmo, yameonekana. Ni ugonjwa wa damu wa ukoo. Mafuta yanafungwa vifurushi, vina anwani, sasa yanakwenda kwenye ini, lakini milango…" Alisikia maneno yakimtoka ovyo, jasho likimchuruzika chini ya tai. Yale yaliyokuwa mepesi kwa daktari, kwake yaligeuka habari ya posta iliyoharibika. "Kwa kifupi, haikuwa wewe."

Bibi aliendelea kupepeta. Makapi yakaruka, maharage yakarudi.

"Haikuwa mimi," alisema.

"Haikuwa wewe, shangazi. Tulikosea."

"Nilikuwa najua kwamba si mimi, Makarius. Nilikuwepo." Aliuweka ungo chini, na mabega yake yakaanza kutikisika. Makarius alidhani analia, akapiga magoti kwenye vumbi na suti yake. Ndipo alipoona kwamba anacheka, mdomo wazi, meno machache. "Miaka yote hii nimekuwa mchawi. Watoto wa hapa walikuja na mayai niwaombee wafaulu mtihani. Kijiji kizima hakuna aliyewahi kugusa mahindi yangu. Leo unakuja unaniambia ni mafuta!"

"Ndiyo, shangazi."

"Usiwaambie wa hapa," alisema, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Mpaka nivune."

Akanyanyuka kwa taabu, akakataa mkono wake, akaingia jikoni kuchochea moto. Baada ya muda akarudi na sahani ya maharage ya kuchemsha, bila mafuta, akamwekea mbele na kukaa kumtazama.

Makarius alikula. Alikula mpaka yakaisha, na alipomaliza, shangazi akamwongezea.